Mvuke Chini, Mvua Juu, Kuni Kichwani

Zamani mtafiti wa nishati alikuja na swali moja tu: megawati ngapi? Akishajibiwa alifunga daftari, akapewa ndizi za njiani, akaondoka. Siku hizi maswali yameongezeka, na ni jambo la heri. Mwaka 2013 Darren McCauley na wenzake waliinjika hoja ya haki ya nishati juu ya mafiga matatu: mgawo, yaani nani anapata umeme na nani anabaki na moshi; utambuzi, yaani nani anahesabiwa kuwa ana akili zake timamu; na utaratibu, yaani nani anaulizwa kabla tingatinga halijawashwa. Tangu hapo sera za mazingira hazisomwi tena kwa kikokotoo peke yake.

Ila utafiti nao una mitindo yake, na mitindo mingine hupendeza zaidi ukumbini kuliko uwanjani. Hapa nimeipanga minane, kuanzia ule unaoloa mapema ukifika Rungwe hadi ule unaostahimili. Kwa asiyepajua: Tukuyu, makao ya wilaya ya Rungwe, ni mji mdogo uliokaa zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mkoani Mbeya. Wajerumani waliuita Neu-Langenburg, wenyeji hawakushughulika na jina hilo sana. Chini ya ardhi kuna volkano, angani kuna mvua, bondeni kuna mto, na katikati ya utajiri wote huo anapita mama na mzigo wa kuni kichwani. Mwenye rufaa aje na mwavuli.

8. Sola kwa kila mtu, kila mahali

Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma haifikishi 600. Sasa wewe chora ramani ya nishati ya jua ukiwa Dodoma, halafu panda nayo basi la Kyela, ushukie Katumba mwezi wa Aprili. Utakuta paneli inafanya kazi nzuri sana ya kukinga mvua.

Tusiionee. Inachaji simu, inawasha taa mbili, mtoto anasoma. Shida ni ule mkataba wa kulipa kidogo kidogo kwa simu: jua likigoma wiki nzima, deni haligomi. Watafiti wameanza kuuliza hasara ya wingu anaibeba nani, muuzaji au mnunuzi. Mnunuzi, bila shaka. Twende.

7. Mpito wa haki kutoka kwenye makaa ya mawe

Kwanza tuwekane sawa. Kiwira ya sokoni, yenye ndizi na viazi, iko Rungwe. Mgodi wa Kiwira uko Ileje, karibu na Kyela. Ulianza mwaka 1988 kwa msaada wa Wachina, ukiwa na mtambo wake wa umeme wa megawati 6, ukabinafsishwa, kisha ukarudi serikalini. Leo STAMICO, shirika la madini la serikali, inatengeneza mkaa mbadala kutokana na makaa ya Kiwira, na imeuita Rafiki.

Utafiti wa mpito wa haki umeshamiri Ujerumani na Afrika Kusini, ambako watu kwa maelfu wameishi kwa makaa ya mawe vizazi na vizazi. Huku kwetu hata mlangoni hatujafika vizuri, tunafundishwa namna ya kuaga. Na makaa yenyewe yameingia jikoni kama mkombozi wa msitu! Mwanasera wa Berlin akisikia, anaomba maji ya kunywa. Lakini ukiwa na mti mmoja uliobaki nyuma ya nyumba, hoja ya STAMICO inaeleweka haraka kuliko ya Berlin.

6. Ngazi ya nishati

Huu ni mtindo uliokwisha kufa, ila maziko yake yanaahirishwa kila mwaka wa bajeti. Unasema kaya ikipata pesa hupanda ngazi: kutoka kuni kwenda mkaa, kutoka mkaa kwenda gesi, kutoka gesi kwenda umeme, na hairudi nyuma. Dodoso likifika kijijini, mambo huwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa upande huu, moshi usikufikie."

"Asante. Naomba kujua, hapa nyumbani mnapikia nishati gani?"

"Ya asubuhi, ya mchana, au ya usiku?"

"Ile... kuu."

"Sasa kuu ni ipi? Chai, gesi. Maharage, kuni. Mgeni wa ghafla kama wewe, gesi tena. Mwezi ukienda mwisho, kuni zote."

"Kwenye fomu natakiwa kuweka tiki moja."

"Basi weka unapopenda, mwanangu. Ila usiniandikie umaskini."

Mwaka 2000 Omar Masera, Barbara Saatkamp na Daniel Kammen walionyesha, kwa kuzifuatilia kaya za vijijini Mexico, kwamba watu hawapandi ngazi. Wanaongeza moto juu ya moto. Tanja Winther, mwanaanthropolojia wa Norway, akatoa mwaka 2008 kitabu kizima kuhusu umeme kijijini Uroa, Zanzibar, na humo umeme uliingia kwenye taa na televisheni huku chungu kikibaki kwenye kuni. Mama wa Tukuyu angewaambia yote hayo kwa bei ya sabuni.

Tena Tukuyu ina jambo ambalo wataalamu wa Dar es Salaam hulisahau kwa sababu ya jasho: baridi. Juni na Julai moto wa kuni haupiki tu. Unawapasha joto watoto na wazee, unakausha nguo, na moshi wake unalinda mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu. Mtungi wa gesi hauna ujuzi huo. Ukiuondoa moto jikoni bila kuuliza ulikuwa na kazi ngapi, umeondoa vitu vinne na kurudisha kimoja.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mwezi huohuo mkutano wa Paris, ambao Rais alikuwa mmoja wa wenyeviti wake, ukaahidiwa dola bilioni 2.2 kwa Afrika. Nia njema, na mapafu ya mama zetu hayahitaji mkutano mwingine ili kujua kwamba moshi unaua. Ila gesi ya mitungi inaletwa na meli, kisha inapanda lori karibu kilomita 900 hadi Tukuyu. Kilo 6 zikiisha tarehe 19, mtungi unabaki pembeni, umepambwa kwa kitambaa.

Nafuu iko kwa watafiti wanaopima chungu badala ya kupima ndoto. Shirika la TaTEDO na mradi wa kimataifa wa MECS wamekaa jikoni na wapishi wa Kitanzania, wakaona kwamba jiko la umeme la presha huivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Hiyo ni habari. Iandikwe kwenye kanga.

5. Hewa ukaa ya kwenye karatasi

Kuzunguka Mlima Kyejo ardhi inapumua hewa ukaa, yenyewe, bila kiwanda. Wenzetu wa Goma, Kongo, wakiikuta hewa hiyohiyo imetuama bondeni huiita mazuku na hukimbia. Sisi tumeitia kwenye mitungi. Kampuni ya TOL, ile iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, inaivuna na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. Ukicheua soda, kuna uwezekano umecheua volkano ya Rungwe. Heshima kidogo.

Biashara ya pili ni ya hewa ukaa isiyoonekana. Kampuni inagawa majiko banifu, inakadiria miti iliyosalimika, inauza hati Ulaya, na msafiri wa ndege huko anapumua kwa amani. Januari 2024 Annelise Gill-Wiehl, Kammen na Barbara Haya wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha hesabu zao: miradi ya majiko waliyoichunguza ilidai upungufu wa hewa ukaa takriban mara 9 ya ule wanaoweza kuuthibitisha. Sababu ni zilezile za nambari 6. Mpimaji alidhani jiko jipya limefukuza la zamani, kumbe yako mawili na yanaelewana.

Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kiko pale Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, Morogoro. Kazi wanayo. Mpaka watakapoimaliza, hewa ukaa ya Rungwe inayopimwa kwa uaminifu ni ile ya chupa: ikipungua, soda inageuka maji matamu na mteja anairudisha.

4. Bei, Luku, na swali la kama wewe ni mji

Sasa tunaingia kwenye utafiti wenye meno. Mwaka 2015 Benki ya Dunia ilikuja na kipimo cha ngazi mbalimbali, kisichoridhika kusikia kwamba umeme "upo". Kinauliza unakaa saa ngapi, una nguvu gani, unakatika mara ngapi, unaumudu? Kwa Rungwe kipimo hiki kinafaa, maana hapa mvua ina miguu na mikaratusi ina tabia ya kuegemea nyaya.

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, umefanya mambo. Serikali inasema vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa. Nampa mtu haki yake. Lakini kijiji kikifikiwa, nguzo imefika. Nyumba ya bibi ng'ambo ya korongo bado inaitazama kwa mbali. Ndiyo maana kazi imehamia kwenye vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 64,000, na Rungwe kitongoji kimoja kinaweza kupanda mlima na kushuka upande wa pili bila kumaliza jina lake.

Halafu kuna bei ya kuunganishwa. Kijijini ni shilingi 27,000. Mjini, tangu Januari 2022, ni shilingi 320,960 kwa nyumba iliyo karibu na nguzo. Sasa naomba mwanajiografia anioneshe pale Tukuyu mji unapokoma na kijiji kinapoanza. Migomba haijui. Ng'ombe hajui. Majirani wanaoazimana chumvi hawajui mpaka siku ya fomu, ambapo mmoja anagundua kuwa ni mwanakijiji mwenye bahati na mwenzake ni mwanamji mwenye jembe begani. Wabunge wamelipigia kelele jambo hili bungeni, kwa sababu Tanzania imejaa miji yenye mashamba sebuleni. Wasomi wa haki ya mgawo hapa wana shahada kumi za uzamivu zinazowasubiri.

Na bado hujaingia ndani. Bei iliyopangwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016 inamlinda mtumiaji mdogo: anayebaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, ya 76 na kuendelea ni 350. Maskini amelindwa? Inategemea anaishi na nani. Nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja huvuka 75 kabla ya tarehe 15, na hapo ndipo vita huanza. Nani ana friji? Nani alipiga pasi sare za kwaya nzima? Mwalimu wa chumba namba 4 anatumia taa moja, lakini kwa mujibu wa mita yeye ni mtu mkubwa. Analipa kama mwenye saluni.

Juu yake weka kodi ya jengo, inayokatwa kwenye Luku, ule umeme wa kulipia kabla, tangu 2021 na ambayo kwa nyumba ya kawaida sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi. Mpangaji ananunua umeme na anajikuta amemlipia mwenye nyumba. Mwenye nyumba naye, ukimkumbusha, anakuwa msahaulifu wa hali ya juu.

3. Jotoardhi na haki ya kutambuliwa

Mlima Rungwe una mita 2,960 na amani yote usoni. Usidanganyike. Ziwa Ngozi limekaa ndani ya kreta, na chini yake kuna joto ambalo Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi, TGDC, iliyoundwa 2013, inalifuatilia kwa mashine. Upande wa Kiejo–Mbaka visima vyembamba vya utafiti vilichimbwa mwaka 2021. Serikali inakadiria kwamba nchi nzima ina uwezo wa zaidi ya megawati 5,000 za mvuke. Kwa sasa tunao uwezo, umeme bado. Wakenya, walioanza kuzalisha umeme wa mvuke Olkaria mwaka 1981, wanatutazama kwa huruma inayoudhi.

Ila Kenya imetufundisha pande zote mbili. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV. Walijengewa nyumba mpya, lakini malalamiko yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, hadi usuluhishi ukafanyika. Mvuke ni nishati safi, sawa, lakini usafi wa bomba hauhusiani na namna ulivyoongea na mwenye ardhi.

Ngozi ina wenyewe. Ina simulizi za nguvu zake, ina hadithi ya hazina ya Wajerumani iliyozamishwa (kila mzee ana toleo lake, na kila toleo lina sanduku kubwa zaidi), ina wanaookota kuni, waongoza watalii na wafuga nyuki. Hawa wanahesabiwa vipi? Rungwe ina historia na jambo hili. Mwaka 2003 watafiti wa wanyamapori walimwona mlimani kima ambaye sayansi haikuwa inamjua, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake: Rungwecebus kipunji. Dunia ikashangilia ugunduzi. Wawindaji wa Kinyakyusa, ambao walikuwa wakimwita kipunji siku zote na ambao mazungumzo yao ndiyo yaliyowafungua watafiti masikio, wakashangaa kusikia kwamba alikuwa amepotea.

Nina ombi moja kwa wanaoandika mipango ya mvuke: msisubiri megawati ndipo mtukumbuke. Maji ya moto yanaweza kukausha majani. Viwanda vya chai vya wilaya hii vinakausha chai kwa moto wa kuni za mikaratusi, mlima kwa mlima. Bomba la maji ya moto kiwandani lingepunguza magogo mengi kabla hata ya balbu ya kwanza kuwaka.

2. Mto unaomwangazia jirani

Mwaisa, yaani wewe Mnyakyusa, kaa chini. Mvua yako inawasha taa Malawi.

Ndivyo ilivyo. Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka hadi Kyela na kuingia Ziwa Nyasa. Ziwa lina mlango mmoja wa kutokea, Mto Shire, na juu ya Shire ndipo Malawi imejenga Nkula, Tedzani na Kapichira, vituo vinavyoipa sehemu kubwa kabisa ya umeme wake. Kwa hiyo tone lililokulowesha stendi ya Tukuyu linaweza kumalizia safari yake kwenye feni ya mtu Blantyre. Yule mama wa kuni, ambaye paa lake lilipokea tone hilo kwanza, hana habari.

Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024 na wa tisa Aprili 2025, linanyweshwa na Rufiji. Ni mteremko wa pili wa milima ya Uporoto, ule wa Usangu, unaolisha Ruaha na hatimaye Rufiji. Upande wa Tukuyu haumo. Tunapokea umeme wa gridi lakini mito yetu imechagua nchi nyingine.

Utafiti wa mabonde ya mito ndio uliobadilika vizuri kuliko yote, kwa maoni yangu. Umeacha kukaa ndani ya mpaka wa taifa. Dhoruba Ana ilipoiharibu Kapichira Januari 2022, Malawi ilipoteza sehemu kubwa ya umeme wake kwa mpigo, na wanaosoma mabonde wakauliza kuhusu misitu ya juu, mashamba ya kingo za mito, na nani anamlipa nani kuvitunza. Mkulima wa Rungwe anaambiwa aache mita 60 kutoka mtoni kwa mujibu wa sheria ya mazingira ya 2004. Ana robo eka. Akiziacha, analima hewani. Anayefaidika na utii wake ni pamoja na feni ya Blantyre, na hajawahi kutumiwa hata soda. Ile yenye Kyejo ndani.

Na kuna vijito. Kila korongo la wilaya hii lina maporomoko yanayopiga kelele usiku kucha bila malipo. Mufindi, wenye chai kama sisi, walianza mwaka 2012 kuzalisha megawati 4 pale Mwenga na kusambazia vijiji jirani. Sheria ya wazalishaji wadogo ipo. Maji yapo. Mteremko ndio usiseme.

1. Kurudi baada ya mradi

Namba moja haina mtambo wa kupigia picha. Ni tabia mpya ya watafiti kurudi miaka kadhaa baada ya utepe kukatwa na kuuliza: bado kinafanya kazi? Na Rungwe kipimo chake kizuri ni kinyesi cha ng'ombe.

Wilaya hii inafuga ng'ombe wa maziwa bandani, wanaoletewa majani mdomoni kama wakuu wa idara. CAMARTEC ya Arusha, taasisi ya teknolojia za vijijini, imekuwa ikijenga mitambo ya biogesi tangu miaka ya 1980, na mwaka 2009 ikaanza programu ya taifa ya biogesi ya majumbani. Kinyesi na maji, ndoo kwa ndoo, vinaingia kwenye kuba chini ya ardhi; gesi inakwenda jikoni, tope linakwenda kwenye migomba. Hakuna meli, hakuna lori la kilomita 900, hakuna dola. Kwenye karatasi, Tukuyu ingekuwa imemaliza mchezo.

Lakini rudi sasa. Bakteria wa ndani ya kuba ni wenzetu: Julai wanapunguza kazi kwa baridi, mwezi uleule mpishi anapohitaji moto zaidi. Valvu ya shilingi elfu chache ikiharibika na fundi akawa ameshahamia Dodoma, kuba linageuka kaburi la saruji. Ng'ombe akiuzwa kwa ajili ya ada, gesi inakwenda naye. Asiye na ng'ombe hakuwahi kuingia kwenye hesabu. Na mradi uliosajiliwa kwa jina la baba, mkata majani, mchota maji na mkoroga kinyesi ni nani? Amepunguziwa safari ya kuni akaongezewa ndoo. Mradi ukiandika "kaya imenufaika," mtafiti anayerudi anauliza: nani ndani ya kaya, na saa ngapi za siku yake?

Hiyo ndiyo sababu ya nafasi ya kwanza. Kati ya mitindo yote minane, huu ndio pekee unaomkuta mama yule wa kuni mara mbili, na mara ya pili tayari ana la kusema. Anayetaka kuja aje kabla ya saa moja asubuhi, banda likisafishwa, na avae mabuti. Ataombwa ashike ndoo. Asikatae, maswali ya jinsia hujibiwa vizuri zaidi mikono ikiwa michafu. Na akimaliza, aseme ndaga, asante ya Kinyakyusa.